Chenga za Mwanzo

Utotoni mwangu tulikuwa na televisheni ya kizamani, ile yenye mgongo mkubwa kama wa kobe na kitufe cha kuzungusha ukitafuta stesheni. Matangazo yalipokwisha usiku kioo kilijaa chenga: vidoa vyeupe na vyeusi vikifurukuta kama sisimizi waliovurugiwa kichuguu, na ile sauti ya shhh isiyopumua. Wakubwa waliizima. Mimi, nikiachwa, nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo, nikachagua kidoa kimoja na kujaribu kukifuata kinakokwenda. Hakikwenda popote. Kilitokea, kikapotea palepale.

Nilikuwa mtu mzima tayari niliposoma kwamba katika zile chenga, kama asilimia moja hivi, yalikuwa mawimbi yaliyokuwa safarini kwa takriban miaka bilioni 13.8. Ulimwengu ulipotimiza umri wa miaka 380,000 ulikuwa umepoa kiasi cha kuruhusu nuru ipite bila kugongana na elektroni kila hatua. Nuru ile haijakoma kusafiri. Imenyooshwa na kutanuka kwa anga hadi ikawa mawimbi ya maikrowevu, ikapoa hadi nyuzi hasi 270 za Selsiasi, na baadhi yake iliishia kwenye antena ya nyumbani kwetu. Kumbe nilikuwa nautazama utoto wa ulimwengu nikiwa na fulana ya kulalia, na mtu akaja akanizimia.

Waliougundua mnururisho huo nao mwanzoni walidhani ni uchafu. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la tarumbeta, na humo mlikuwa na mvumo usiotoka. Waliigeuza huku na huku, mvumo uleule. Mchana na usiku, uleule. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani. Wakawakamata, wakawapeleka mbali, njiwa wakarudi. Wakakwangua kinyesi chote. Mvumo ukabaki. Mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kelele waliyoshindwa kuifuta.

Neno chenga lina bahati katika lugha yetu. Ni punje zilizovunjikavunjika, ni vidoa vya televisheni, na ni ile hila ya mchezaji anayekuonyesha kushoto kisha akapita kulia, wewe ukabaki umekumbatia hewa. Nimesoma mengi kuhusu kwa nini ulimwengu upo, vya wanadini na vya wanasayansi, na kila nilipodhani nimelishika jibu nimejikuta nimepigwa chenga. Wanaozipiga ni wa pande zote mbili, na wanazipigia karibu mahali pamoja.

Tatizo moja ni swali lenyewe. "Kwa nini" ya Kiswahili hubeba mizigo miwili. Ukiniuliza kwa nini taa ya barazani inawaka saa hizi, naweza kukujibu kwamba waya umeshikana vizuri na swichi imebonyezwa. Naweza pia kukujibu kwamba baba hajarudi. Majibu yote mawili ni kweli na wala hayagombani. La kwanza linajibu "imekuwaje?" na la pili linajibu "ili iweje?" Wengi huishia hapo: wanasema sayansi ichukue imekuwaje, dini ichukue ili iweje, kila mtu aende nyumbani kwake. Nilikaa na suluhu hiyo miaka kadhaa na si mbaya. Ila inalisahau swali la tatu, nalo ndilo la mtoto aliyeamka usiku wa manane: "Mbona taa inawaka?"

Mbona si kwa nini. Anayeuliza mbona alitarajia kinyume. Alidhani atakuta giza. Kwa hiyo anayeuliza mbona kuna ulimwengu amekwisha kuamua, bila kujua, kwamba hali ya kawaida ni kutokuwepo chochote, na kwamba kuwepo ndiko kunakodaiwa maelezo. Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Leibniz aliliandika swali hili mwaka 1714: mbona kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu? Akaongeza kwamba kutokuwepo kitu ni rahisi zaidi kuliko kuwepo kitu. Sasa hapo ndipo ninapotaka kumshika mkono kidogo. Nani aliwahi kuuona utupu huo mtimilifu akajua kwamba ni rahisi?

Nitalirudia hilo. Kwanza nimlete padri.

Georges Lemaître alizaliwa Ubelgiji mwaka 1894, akawa padri wa Kikatoliki na mwanafizikia, vyote viwili kwa moyo wote. Mwaka 1927 alichapisha makala akionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inatoa ulimwengu unaotanuka. Walipokutana Brussels mwaka huohuo, Einstein alimwambia hesabu zake ni sahihi lakini fizikia yake ni ya kuchukiza. Mwaka 1931 Lemaître akasogea mbele zaidi: kama vitu vinaachana, basi ukirudi nyuma vilikuwa pamoja, na huenda vyote vilitoka katika kitu kimoja alichokiita atomu ya asili.

Unaweza kukisia wengine walivyonusa. Padri anasema ulimwengu una mwanzo! Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza ambaye hakuwa mtu wa dini, aliliona wazo hilo kama Kitabu cha Mwanzo kilichovalishwa koti la maabara. Yeye na wenzake wawili, mwaka 1948, walipendekeza ulimwengu usio na mwanzo, na mwaka uliofuata, akizungumza redioni, ni yeye aliyeliita wazo la wapinzani wake "mlipuko mkuu". Jina la mpinzani ndilo tunalolitumia hadi leo.

Waliolishangilia nao hawakuwa na subira. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, akazungumza kana kwamba wanasayansi wameishuhudia ile saa ya "Iwe nuru". Ungedhani Lemaître angefurahi: kiongozi wa kanisa lake ameibariki nadharia yake mbele ya dunia. Hakufurahi hata kidogo. Alishirikiana na padri aliyesimamia kituo cha falaki cha Vatikani ili jambo hilo lisirudiwe, na Septemba 1952 Papa alipokutana na wanaastronomia waliokusanyika Roma, hakulirudia. Baadaye, mwaka 1958, Lemaître alisema wazi kwamba nadharia yake, kwa anavyoona yeye, inabaki nje kabisa ya swali lolote la kimetafizikia au la kidini.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nimpende mzee huyu. Katika mswada wa makala yake fupi ya 1931 kulikuwa na aya ya mwisho isemayo kwamba anayemwamini Mungu anaamini pia kwamba Mungu kwa asili yake amefichika, na anaweza kufurahi kuona fizikia ya leo ikitoa pazia linaloficha uumbaji. Kisha akaikata. Makala ikachapishwa bila aya hiyo. Ukiisoma tena utaona jinsi ilivyo tofauti na hotuba ya Papa. Mwenzake anasema sayansi imefunua, yeye anashukuru kwamba imefunika.

Mimi sikuwa na busara hiyo. Nilipokuwa sekondari tulikuwa na mdahalo, na upande wetu ulipewa kutetea kwamba sayansi imethibitisha dini. Nilisimama na "Iwe nuru, ikawa nuru", nikaunganisha na Mlipuko Mkuu, makofi yakapigwa. Rafiki yangu Mwislamu akasimama baada yangu na ile aya ya Suratul Anbiyaa isemayo kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, makofi yakazidi. Tulijiona tumemaliza kazi. Mwalimu wa fizikia, aliyekuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari, akanyanyua kichwa. "Haya, mwanangu," aliniambia, "na hawa wanasayansi wakiibadilisha nadharia mwakani, ninyi mtaibadilisha aya?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kutambua baadaye kwamba swali lile halikuwa la kejeli tu. Kabla ya 1965, walipotangaza ule mvumo wa antena, mtu msomi angeweza kabisa kuamini ulimwengu usio na mwanzo. Kama mdahalo wetu ungefanyika miaka hiyo na sisi tukawa upande wa Hoyle, si ajabu tungetafuta aya za umilele, na tungezipata. Anayeifunga imani yake kwenye mkia wa nadharia atakwenda popote mkia unakokwenda.

Upande wa pili nao una makofi yake. Tangu miaka ya sabini kumekuwa na wanafizikia wanaosema ulimwengu unaweza kutoka pasipo na kitu, bila msaada wa yeyote. Edward Tryon aliandika mwaka 1973 kwamba huenda ulimwengu wetu ni moja tu ya yale mambo yanayotokea mara mojamoja. Wazo lake si la kipuuzi. Nishati ya maada ni chanya, nishati ya mvutano ni hasi, na ukijumlisha yote huenda ukapata sifuri, kama daftari la hesabu ambalo kilichoingia na kilichotoka vimelingana. Kitu cha gharama ya sifuri hakihitaji mtaji. Na fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu na chembe zake, inaruhusu ombwe, yaani mahali palipoondolewa kila kitu, kutoa chembe zinazotokea na kupotea, kama vile vidoa vyangu vya televisheni.

Nzuri. Lakini ombwe la kwanta si utupu. Lina sheria, lina uga, lina anga la kufurukutia. Ukisema kitu kimetoka kwenye ombwe umesema kimetoka kwenye kitu.

Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko lugha nyingine ninazozijua. Jaribu kusema kwamba hakuna kitu. Hakuna: ha-ku-na. Ile "ku" katikati ni huko, mahali. Tumesema tu kwamba huko hakuna chochote. Jaribu hapana, umebakiza "pa". Jaribu hamna, umebakiza ndani. Sema hakipo, ile "po" inakuchungulia mwishoni. Lugha yetu inakikana kitu kwa ufasaha wote, ila haiwezi kukikana bila kuacha mahali kilipokosekana. Chumba tunakitoa fanicha zote, chumba chenyewe kinabaki. Nikisoma wanafizikia wengi wanaozungumzia kutokuwepo kitu, huwa nasikia ile "ku" yetu ikiwa imekaa katikati ya sentensi, haijaguswa.

Alexander Vilenkin, kusema haki, alijaribu kuing'oa. Mwaka 1982 alipendekeza kwamba ulimwengu ulichomoza kikwanta kutoka katika hali isiyo na anga wala wakati. Hakuna chumba. Bado sheria za kwanta zinabaki, zikisubiri, sijui wapi. Mimi husema kanuni za mpira hazijawahi kufunga bao. Niliwahi kumwambia hivyo rafiki yangu asiyeamini, nikajiona nimefunga mimi. Akaniuliza, "Na Mungu wako alifunga kwa mguu upi?"

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo sayansi imelijibu nusu kwa namna inayonisisimua kuliko hayo yote. Ni mbona ndogo: si mbona kuna ulimwengu, bali mbona ndani yake kuna vitu. Kila chembe ya maada ina pacha wake wa kinyume, na wakikutana wote wawili huangamia na kuacha nuru. Ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto, mapacha hao walizalishwa pamoja kwa wingi. Kwa haki, wangemalizana wote na leo kungekuwa na mwanga tu, bila mtu wa kuuona. Ila hesabu haikulingana. Kwa kila chembe bilioni moja za kinyume kulikuwa na kama bilioni moja na moja za maada. Bilioni zikamalizana. Ile moja ikabaki.

Nyota zote, bahari, mifupa yako na kioo unachokisomea haya vimetengenezwa kwa ile moja. Sisi ni chenji.

Mwanafizikia Mrusi Andrei Sakharov alionyesha mwaka 1967 masharti gani yangehitajika ili salio la aina hiyo lipatikane, na maabara zimekwisha kuona maada na kinyume chake vikitofautiana kitabia, lakini tofauti iliyopimwa mpaka sasa ni ndogo mno kutosheleza. Kwa hiyo hatujui aliyetubakiza. Risiti ya miamala ile bado ipo: ukilinganisha chembe za nuru ya kale na protoni na neutroni, zile chembe za kiini cha atomu, zilizobaki, ni kama bilioni moja na nusu kwa moja. Nyoosha kidole cha shahada. Katika nafasi inayolingana na ncha yake, sentimita moja ya ujazo, muda huu zinapita kama fotoni 400, yaani chembe 400 za nuru hiyo. Hata ukiwa gizani.

Wanaozungumzia namba za ulimwengu zilizorekebishwa kwa uangalifu ili uhai uwezekane, na wanaowajibu kwamba kuna malimwengu mengi na sisi tumeangukia lililofaa, nitawapita haraka. Wote wawili wananiomba nikiamini kitu nisichoweza kukiona ili waeleze ninachokiona, kisha wanacheka imani za wenzao.

Nirudi kwa wanadini, maana sijawapa haki yao. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mwalimu wangu wa dini, "Na Mungu aliumbwa na nani?" Niliambiwa nikae chini nisikufuru. Hiyo ndiyo chenga yenyewe, tena ya kumwangusha mtoto. Iliniuma zaidi nilipokuja kugundua kwamba wakubwa wa dini waliliheshimu swali hilo kwa karne nyingi, na kwamba mwalimu wangu alikuwa na ghala zima nyuma ya mlango aliokataa kuufungua.

Augustino, askofu wa Hippo, aliandika karne ya nne ikielekea mwisho kuhusu watu wanaouliza Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba. Anakumbuka jibu la mzaha: alikuwa akiwatengenezea jehanamu wapekuzi wa mambo ya juu. Akasema yeye hatalijibu hivyo, afadhali aseme hajui. Kisha akatoa lake: wakati nao umeumbwa, kwa hiyo neno "kabla" halina mahali pa kusimama. Zaidi ya miaka 1,500 baadaye mwanafizikia Stephen Hawking alilinganisha swali la kabla ya Mlipuko Mkuu na kuuliza kuna nini kusini mwa ncha ya kusini. Askofu na asiyeamini, jibu lile lile kwa mkao mwingine.

Lakini aliyenigeuza kichwa ni Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037. Yeye hakujali kama ulimwengu una mwanzo. Aliona unaweza kuwa wa tangu na tangu, na Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuja kumshambulia vikali kwa hilo. Alichouliza Ibn Sina ni kingine: kitu ambacho kingeweza kuwapo na kingeweza kutokuwapo, kinashikiliwa na nini sasa hivi? Fikiria nyumba na wimbo. Fundi akifa nyumba inabaki. Mwimbaji akinyamaza wimbo hauko, hata mwangwi wake unakwisha. Tuliokulia kwenye masomo ya dini tulifundishwa ulimwengu kama nyumba: Mungu alijenga, siku fulani, akamaliza. Ibn Sina anasema ni wimbo. Na kama ni wimbo, hata uwe umeimbwa milele bila kuanza, bado una mwimbaji. Huyo akamwita wajib al-wujud. Sisi tulilipokea neno wajibu likiwa na maana ya jukumu. Kwake lilimaanisha kile kisichoweza kutokuwepo. Thomas wa Akwino naye, mwanateolojia Mkatoliki wa karne mbili baadaye, alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Alijua hilo kwa imani tu, na hakuona uumbaji ukipungukiwa na chochote.

Ukilielewa hilo, mdahalo wetu wa sekondari unaporomoka wote. Mlipuko Mkuu uwe kweli, uwe na kabla yake, uwe mmoja kati ya mingi, hoja ya Ibn Sina haijali. Wala haiwezi kuthibitishwa na darubini yoyote, jambo ambalo ni udhaifu wake pia.

Kwa kuwa kuna wa kumjibu. Mwaka 1948 mwanafalsafa Mwingereza asiyeamini, Bertrand Russell, alijadiliana redioni na padri Mjesuiti, Frederick Copleston, na alipobanwa alisema ulimwengu upo tu, basi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni uvivu. Sioni hivyo tena. Mwenye dini anasimama kwa Mungu na kusema hapa hapana kwa nini tena. Russell alisimama kituo kimoja kabla. Na ukikumbuka mbona yetu, Russell ana hoja: kama hakuna aliyetuthibitishia kwamba utupu ndiyo kawaida, mshangao wetu haudai fidia.

Mimi nimesimama kwa Mungu. Sitasema nimesukumwa na hoja mpaka hapo, maana si kweli. Hoja zilinifikisha kituoni, nikashuka kwa sababu nilitaka kushuka. Nasali, na siutumii tena Mlipuko Mkuu kumtetea Mungu.

Kuna maandiko mawili ninayoyarudia usiku nikikosa usingizi. La kwanza si la dini yangu. Ni utenzi wa Rigveda, maandiko ya kale ya Wahindu, kitabu cha kumi, wa 129, unaouliza uumbaji huu ulitoka wapi, na kumalizia kwamba anayeutazama kutoka mbingu ya juu kabisa ndiye ajuaye, au labda naye hajui. Ni kitabu kitakatifu kinachothubutu kusema labda! La pili ni Ayubu, mtu aliyeuliza mbona kuliko wote. Mungu alipomjibu kutoka upepo wa kisulisuli hakumweleza kitu. Alimuuliza: "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Zamani niliisoma kama kemeo. Siku hizi naisoma kama swali la kawaida, na huwa najaribu kulijibu. Nilikuwa wapi? Kama hesabu za kina Sakharov ni sahihi, nilikuwa kwenye salio, moja katika bilioni.

Televisheni ya sasa nyumbani ni bapa, imebandikwa ukutani. Juzi usiku niliwasha king'amuzi kikiwa kimechomoka waya, nikasubiri chenga kwa mazoea. Televisheni hizi hazitoi chenga. Kioo kiligeuka buluu tupu, kikanyamaza, na katikati pakatokea maandishi meupe kunijulisha kwamba hakuna mawimbi.

Niliketi nikiyatazama kwa muda kabla ya kuinuka kuurudisha waya.